Samaki wa Mukwe Wangu Ndani ya Kioo

Mujukuu wangu alipofika Kasongo, kitu cha kwanza alifanya ni kuonja maji. Hakuuliza choo iko wapi, hakuuliza kitanda chake ni kipi. Alichota kikombe mu pipa ya maji ya mvua, akaweka ulimi, akaniangalia, akasema na kale kaswahili kake ka pwani kenye kunyooka kama nguo ya pasi: "Bibi, maji yenu hayana ladha."

Nikamuambia: "Na wewe hauna adabu. Basi tuko sawa."

Ni mutoto wa binti yangu. Binti yangu alifuata bwana yake mupaka Dar es Salaam, akafia kule, Mungu amupokee vizuri. Baba wa mutoto akaoa tena, na mutoto akaanza kukataa chakula. Njo baba yake akamutuma kwangu, kwa meli na kwa pikipiki yenye tunaita moto, apumuzike kidogo kwa bibi yake. Neno lilikuwa ile: kidogo. Kwetu mutoto ni wa upande wa baba. Na baba yake ni mutu wa Kabambare, babu yake iko kule, muzee wa mbuzi nyingi, mukwe wangu. Mimi nilikuwa nimeazimwa tu, sawa vile unaazimwa sufuria siku ya arusi: unapika, unaosha, unarudisha. Nilijua vile toka siku ya kwanza, na toka siku ya kwanza nilikuwa sitaki kurudisha.

Alikuwa anakula kama ndege. Nikimupa ugali na sombe ya majani ya mihogo, anaigawanya mu sahani, hii huku, hii kule, unawaza amekula, kumbe ametengeneza tu vilima. Mangaribi anakaa kwa mulango mupaka giza. Nikaanza kumuigizia watu wa mutaa ili acheke. Niliigiza muazini mwenye mafua, niliigiza mama wa soko mwenye kupimisha muchele na kidole ndani ya kipimo. Hakucheka. Siku moja akaniuliza tu: "Bibi, unaweza kunitafutia bahari?"

Nikamuambia, bahari gani tena. Njo akaeleza. Mbele, mama yake akiwa muzima, mu duka ya baba yake, kulikuwa sanduku ya kioo. Ndani walikuwa wanaweka maji ya bahari, na mawe yenye matundu yenye kuota vitu kama uyoga, na tusamaki twa manjano na twa buluu. Mama yake njo alikuwa anatunza ile sanduku, na yeye alikuwa anamusaidia: kupima chumvi, kusugua kioo, kuwapa chakula na ncha ya kidole. Mama alipoondoka, hakuna mutu alisugua tena. Samaki wakakufa, baba akauzisha kioo.

Aliisha kusema vile akarudi kuangalia mulango. Mimi bahari sijaiona hata siku moja. Najua mutoni yetu, Lualaba, na Lualaba inanitosha. Lakini nikasimama, nikatafuta kitambaa changu cha kichwa, nikaenda soko.

Kule iko mama mumoja wa Nyangwe mwenye kuuzisha samaki. Sauti yake ni ya kuita watu ngambo ya mutoni; hata ukiwa pembeni yake, anakuita kama uko mu mutumbwi. Nikamuomba aniletee tusamaki tuzima, tudogo.

"Maaama, tuzima twa kufanya niiini?"

"Twa kuangalia."

Akaweka kisu chini. Kiisha akaniuliza polepole, mara ya kwanza namusikia akisema polepole: "Mama, kule nyumbani muko wote na afya?"

Aliniletea tusamaki mu bidon ya maji, tuzima kabisa. Mutoto akamwanga maji mu beseni yangu ya kufulia, akaweka tusamaki, na kabla sijageuka akamwanga ndani chumvi yangu yote ya jikoni. Aliniambia samaki wa kioo wanaishi mu chumvi, mama yake alikuwa anapima hivyo. Mimi, mutu muzima, mwenye nimekula samaki ya Lualaba toka meno ya kwanza mupaka yenye imebakia, sikumukataza. Nilisema katoto kametoka mbali, kanajua.

Asubui wote walikuwa tumbo juu.

Mutoto akalia. Mara ya kwanza nasikia analia na sauti. Nikaketi pembeni yake, nikaangalia ile beseni, nikamuambia: "Samaki iko, chumvi iko, imebakia tomate tu." Akaniangalia na hasira, macho yamejaa maji, kiisha mudomo ukaanza kumushinda. Akacheka analia. Nilipika wale samaki, na hatukuongeza chumvi. Alimaliza sahani. Alimaliza na kulamba kidole. Nikawashukuru wale samaki vile mutu anashukuru daktari.

Njo tukaanza upya, sasa na maji ya mvua, bila chumvi. Hakupenda. "Lakini hii haitakuwa bahari, bibi."

"Ni bahari," nikamuambia. "Ilitoka kwenu na chumvi yake, ikaimwanga njiani. Barabara ni mbaya."

Beseni ikawa ndogo. Tena samaki mu beseni unaona mugongo yake tu, ni kama kusalimia mutu mwenye kusujudu. Nikamutafuta seremala mwenye kufanya madirisha. Huyu sauti yake inatokea mu pua, na kila neno lake lina kesho ndani: "Mama, nitakufanyia kesho asubui. Kama si kesho asubui ni kesho mangaribi. Lakini kesho ni kesho." Kesho zake zilipita nyingi. Mwisho akaleta sanduku ya vioo vya dirisha, ameviunganisha na ile gundi nyeupe ya kutoka mu tube. Tukaiweka mu salo, chumba cha wageni, juu ya meza, tukajaza. Maji yakatoka kwa kila kona, ikashuka kwa meza, ikaingia chini ya kitanda changu kule chumba cha pembeni.

Seremala akaja, akaangalia, akakunja mikono. "Mama, kioo yangu haivuji. Ni maji yako njo mepesi."

Mutoto akamujibu bila kumuogopa: "Gundi umepaka inje. Inapakwa ndani, ili maji yaisukume na kuibana. Na inakauka mupaka isinuke tena siki. Mama yangu alikuwa ananusa."

Seremala akanusa. Kiisha akanusa tena, kama mutu mwenye kununua perfume. Alikwangua yote, akapaka ndani, na tukakaa siku nyingi tunapita pale tunainama kunusa, mimi, mutoto, seremala, hata mugeni mwenye kuja kusalimia tulimunusisha. Siku siki iliisha, tukajaza. Hakuna tone lilitoka. Yule seremala alifurahi kuliko sisi. Mupaka leo akipita barabarani anaingia kugusa kona zake.

Mawe yalitoka Lusangi. Iko mutoto wa marehemu kaka yangu anachimba dhahabu kule, na wachimbaji wakivunja jiwe jeupe na kukosa kitu ndani, wanalitupa. Aliniletea mufuko mumoja, akasema: "Shangazi, watu wananiuliza kama wewe umepata dhahabu yenye sisi tumeikosa." Mutoto aliyasugua na burashi, akayachemusha, akayapanga mu kioo moja juu ya lingine na kuacha mapango katikati. Aliyaita mwamba. Nikamuuliza mapango ya nini. Akasema samaki asipokuwa na fasi ya kujificha, anakufa na woga. Nikatazama kwa mulango kwenye alikuwa anakaaka kila mangaribi. Hakuwa anakaa pale tena. Na mimi sikumbuki ni siku gani aliacha.

Tena samaki wanahitaji upepo ndani ya maji. Mwanzo tulikuwa tunapuliza na katuyo, kampira kembamba, kwa zamu, mupaka kichwa changu kikazunguka nikaona samaki wawili kwa kila mumoja. Kiisha mufanyabiashara mumoja akatuletea toka Kindu kapompi kadogo ka kutoa mapovu, tukakaunga na plake ya umeme wa jua na betri. Kanaimba, kanasema brrr usiku na muchana, kama mutu mwenye baridi. Maji kanayapitisha mu chupa yenye tulijaza sponji ya matela ya kulalia na makala yenye kupondwa, inatoka safi. Ni mutoto alifanya ile chupa. Mimi nilipondaponda tu makala na kutoa maoni.

Sasa samaki. Tuliweka tudogo twa Lualaba, twa kung'aa, na kakambale kamoja kadogo kama kidole cha mwisho. Kila mara kulikuwa kamoja kanakosekana. Mutoto alishuku paka. Tukafukuza paka. Kakakosekana kengine. Akaniangalia mimi.

"Bibi, ni wewe?"

"Mimi nakulaka na ugali. Uliona ugali?"

Siku moja akaona mukia unatoka mu mudomo ya kambale. Alikuwa amewala wote, na alikuwa amenenepa, anakaa mbele ya pango lake, anatikisa ndevu, hasemi kitu. Nikamuita Mukwe. Anakula, ananyamaza, ndevu tu. Mutoto alishika lile jina. Asubui anaenda kuchimba minyoo pale kwenye tunanawia, anarudi anaimba: "Mukwe, amka, mukwe, kula." Mutoto mwenye alikuja na kiswahili cha pasi, sasa anasema "iko" na "njo" kuliko mimi, na sahani yake inarudi nyeupe. Mwenye kuandika haya ni yeye. Mimi sikuketi shuleni, mimi ninasema tu. Hapa ananiambia hakuwa anaimba. Aandike: alikuwa anaimba.

Tuko vile, telefone ikalia. Ni Kabambare. Mukwe wangu, mwenyewe, mutu. Yule muzee hawezi kuanza neno bila kukohoa, wala kumaliza.

"Hhm. Mukwe. Mutoto amepumuzika vya kutosha. Nakuja kumuchukua. Hhm."

Nikajibu vile inafaa kumujibu mukwe: "Karibu, mukwe. Nyumba ni yako." Nilipoweka telefone chini nilimenya mihogo yenye kutosha mutaa muzima.

Nilimuambia mutoto. Akauliza: "Kabambare iko na kioo?"

"Iko na mbuzi."

Hakulia. Alienda kubadilisha maji, sehemu moja anatoa, sehemu moja anaweka, polepole, vile samaki asishituke. Alisugua kioo mupaka ikawa kama haiko.

Muzee alifika na moto, matope mupaka kwenye nyusi. Ile barabara ya Kabambare tunaijua. Dereva wake alikuwa kijana wa maneno mingi. Tuliwapa maji ya kunawa, wakaketi mu salo, nikapiga magoti kusalimia, kiisha nikatoka nyuma ya nyumba kukamata kuku.

Kwetu, mugeni wa heshima hauwezi kumuletea nyama mu sahani tu. Unamuonyesha kwanza munyama muzima: "Mukwe, njo hii mboga yako." Anamugusa, anashukuru, na kutoka pale munyama ni wake. Mwenye nyumba hana tena sauti. Kukatalia mugeni kitu chenye ameisha kushukuru, afazali ufunge nyumba uhame.

Kuku wangu njo alikuwa wa kuonyesha. Lakini alikuwa na mipango yake, akaniponyoka, akaingia kwa jirani, tukazunguka choo ya jirani. Nilipoingia mu salo naye chini ya mukono, nimechoka, nikamukuta muzee amesimama mbele ya kioo. Mukono wake iko juu ya kioo. Ndani, kambale amenenepa, anatikisa ndevu. Inje, muzee naye anatikisa zake.

"Hhm. Mukwe," akaniambia, "nimeona mboga yangu. Mimi nimetembea sana. Kila fasi wananionyesha kuku. Hakuna mutu amekwisha kunionyesha samaki akiogelea mu nyumba. Umenipa heshima. Aksanti sana. Hhm."

Nikaficha kuku nyuma ya mugongo. Kuku akalia. Nikakohoa.

Mutoto alikuwa amesimama kwa mulango wa chumba. Alielewa. Niliona mikono yake imeshika nguo. Nikawaza: nikimuambia muzee amekosea, nimemupatisha haya mbele ya dereva, na ataondoka na mutoto leo leo, na hasira juu. Nikinyamaza, samaki wa mutoto ataingia mu sufuria yenye mimi mwenyewe nitachochea moto yake. 

Mutoto akakuja. Akapiga magoti mbele ya babu yake, shikamoo, kiisha akasema: "Babu, mukwe wa bibi anakulaka minyoo ya pale kwenye tunanawia."

Dereva akaangalia chini, mabega yake yakaanza kuruka.

"Hhm. Mukwe gani?" muzee akauliza.

Nikaangalia juu kama mutu mwenye kutafuta mawingu, lakini tulikuwa mu nyumba.

Mutoto hakuishia pale. Alipoanza hakukuwa tena wa kumuzuia. Alimuonyesha babu yake chupa na makala, na kapompi, na plake. Alimuambia juu ya mawe, na siki, na maji yenye kubadilishwa sehemu. Alimuambia kambale anaamuka wakati gani, anapenda pango gani, na kwamba akisikia miguu yake anatoka, akisikia ya bibi anajificha. Huyu mutoto mu telefone hajawahi kumupa babu yake kitu zaidi ya "shikamoo babu, mzima." Muzee aliinama, magoti yake yakalia, akaangalia kila kitu chenye kidole cha mutoto kilionyesha. Mara moja alisahau kukohoa.

"Nani alikufundisha?"

"Mama."

Muzee akarudisha mukono wake juu ya kioo. Alimupenda binti yangu, hiyo sitamunyima. Alipoolewa kwao, muzee alimuita binti, hakumuita mukwe.

"Hhm. Basi huyu si wa kula. Ni wa kufuga. Na kwa sababu ni wangu, tutaenda naye Kabambare."

Dereva akainua mukono kama mutu mwenye kusimamisha lori. Huyu sauti yake ni ya mutu mwenye kupanda kilima hata akiketi: "Muzee, mimi nimebeba mabati. Nimebeba mbuzi mbili na mwenye mbuzi. Nimebeba kitanda na bibi arusi juu yake. Lakini maji wazi, hapana. Kilima ya kwanza, maji iko mu mugongo yangu. Kilima ya pili, samaki iko mu pori anatafuta njia ya Kasongo."

Muzee akafikiri. Sasa mujue kwamba mbuzi za yule muzee hazikai kwake zote. Ameziweka kwa watu, mumoja huku, mumoja kule, ni desturi yao. Mutu anakuchungia munyama wako. Munyama akizaa munagawanya, kiisha kila mutu anakwenda na yake. Lakini mbele ya kuzaa, hakuna kuhamisha munyama, na hakuna kuhamisha mwenye kuchunga, kwa sababu munyama amemuzoea. Mbuzi zake zote zinaishi vile, na yule muzee neno la mbuzi halichezei.

Akamugeukia mutoto. "Nikikuachia munyama wangu, utanichungia?"

"Ndiyo, babu."

"Hapa hapa? Bila kumusogeza?"

"Ndiyo, babu."

"Hhm. Mupaka azae. Siku atazaa, mimi nakuja, tunagawanya, na wewe tunaenda."

Mimi nilikuwa bado nimesimama, kuku nyuma ya mugongo. Na furaha nikamufinya kuku, akalia tena. Muzee akanyoosha shingo.

"Na kile chenye kulia kule nyuma?"

"Hii, mukwe," nikasema, "ni mboga ya dereva."

Dereva akamugusa kuku mbio sana, akashukuru kwa sauti kubwa, kusudi nisibadilishe mawazo. Tulikula wote. Muzee alikula paja. Asubui alipanda moto bila mutoto, na mbele ya kuondoka aliingia tena mu salo kumuaga samaki wake. Tulimusikia anakohoa kule ndani, peke yake na kambale.

Toka pale ametuma mbuzi mumoja, tumubadilishe na kioo kikubwa, kwa sababu munyama wake anakua na hawezi tena kugeuka bila kupiga mawe. Seremala amepaka gundi ndani, bila kuambiwa. Mutoto amepanga mwamba upya na mapango makubwa, tumeongeza majani ya mutoni, na chupa ya makala sasa ni mbili. Jirani yangu mwenye huruma nyingi alikuja na kambale jike mu ndoo, akasema tunamuonea yule samaki dume, kuishi bila muke. Nilimushukuru sana. Nilipika lile jike na mawese, nikamupelekea sahani.

Na kila mara telefone inalia, ni Kabambare.

"Hhm. Mukwe. Munyama wangu amezaa?"

"Bado, mukwe."

"Hhm. Haina haraka."

Ni mutu mwenye anagusa tumbo ya mbuzi na kukuambia mimba ni ya mwezi gani. Anajua vizuri kwamba samaki dume, peke yake mu kioo, atangojewa mupaka tuzeeke wote. Hajaniambia anajua. Mimi sijamuambia najua anajua. Anamuomba mutoto, na mutoto anachukua telefone anaenda nayo inje, wanaongea mupaka inapata moto mu sikio: minyoo, maji, masomo, mbuzi gani amezaa mapacha. Mimi nakaa mu salo, nasikia anacheka kule inje, naangalia yule kambale munene, na ninamushukuru Mungu kwa muzee mwenye kukohoa namna ile.